Daftari la Makosa Linaponyamaza: Namna ya Kutafuta Maingizo Yasiyoonekana katika Seva ya Kanzidata ya Hospitali

Utangulizi

Chukua mfano wa hospitali ya wilaya iliyoacha majalada ya karatasi na kuhamia katika mfumo wa kompyuta. Saa nane usiku, mtaalamu wa maabara anaingiza majibu ya kipimo cha wingi wa damu cha mama aliyejifungua na ambaye bado anatokwa na damu. Kompyuta inasita kwa muda, kisha inarudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtaalamu anaamini kwamba kazi imekwisha. Wodini, muuguzi anafungua jalada la mgonjwa na hakuti majibu. Anapiga simu maabara, majibu yanasomwa kwa mdomo, damu inaongezwa na mama anapona. Asubuhi kikao kinaitishwa. Fundi wa TEHAMA anafungua daftari la makosa la seva ya kanzidata, anatazama saa nane ya usiku ule, hakuti neno. Katika taarifa yake anaandika kwamba mfumo haukuwa na hitilafu. Tafsiri ya sentensi hiyo, hata kama haikukusudiwa, ni kwamba mtaalamu wa maabara hakuingiza majibu.

Huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda pia sivyo. Daktari makini hamtangazii mgonjwa kuwa hana malaria kwa sababu tu ya slaidi moja isiyoonyesha vimelea, hasa ikiwa hajui damu ilichukuliwa lini, slaidi ilipakwa rangi vipi, na darubini ilikuwa katika hali gani. Kutokuona si sawa na kutokuwapo. Kanuni hiyo hiyo inahusu daftari la makosa, ambalo mafundi wengi huliita logi. Kabla ya kimya chake kuchukuliwa kuwa ushahidi, ni lazima ithibitishwe kwamba daftari lenyewe lilikuwa na uwezo wa kusema.

Makala haya yanaeleza sababu kuu zinazofanya maingizo yakosekane katika daftari la makosa, na namna ya kuzichunguza moja baada ya nyingine. Mfano unaotumika zaidi ni MySQL toleo la 8.0, kwa kuwa programu hiyo imo katika mifumo mingi ya afya. Miongoni mwake ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutengenezwa mwaka 2004 na wataalamu wa Regenstrief Institute na Partners In Health, na ambao mizizi yake imo katika huduma za wagonjwa wa VVU mjini Eldoret, Kenya. Pale inapofaa, ulinganisho unafanywa na PostgreSQL, ambayo ndiyo kanzidata ya mfumo wa DHIS2 unaokusanya takwimu za afya za mataifa mengi, Tanzania ikiwamo.

Daftari hili huandika nini, na haliandiki nini

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni jina. Mtu asikiapo "daftari la makosa" hudhani kwamba kila kosa linalotokea katika kanzidata huandikwa humo. Sivyo. Katika MySQL, daftari la makosa ni kumbukumbu ya afya ya seva yenyewe: lini iliwaka, lini ilizimwa, ilishindwa kufungua faili gani, jedwali gani limeharibika. Makosa yanayotokana na amri za watumiaji hurudishwa kwa programu iliyotuma amri, na kwa kawaida hayaandikwi katika daftari hili.

Kwa hiyo, programu ikijaribu kuingiza namba ya mgonjwa ambayo tayari ipo, MySQL itaikatalia na kuipa sababu, lakini daftari la makosa halitasema lolote. Amri ikisubiri kufuli la safu kwa zaidi ya sekunde 50, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha injini ya InnoDB, itarudishwa na kosa. Daftari litabaki kimya vilevile. PostgreSQL ina desturi tofauti: amri inayoshindwa huandikwa katika daftari pamoja na maneno ya amri yenyewe. Fundi aliyezoea moja kisha akahamia nyingine anaweza kusubiri maingizo ambayo kamwe hayatakuja.

Lipo kosa moja linalostahili kutajwa peke yake, kwa sababu linaweza kufuta kazi ya mtu bila yeye kujua. Watumiaji wawili wanapobadilisha rekodi zilezile kwa mpangilio tofauti, kila mmoja anaweza kujikuta anasubiri kufuli lililoshikwa na mwenzake. Huo ni mkwamo, na hauwezi kuisha wenyewe. InnoDB huugundua, humchagua mmoja wao, na kuufuta muamala wake wote ili mwingine aendelee. Aliyefutiwa hupewa ujumbe wa kosa kupitia programu anayoitumia. Ikiwa programu hiyo haikuandikwa vizuri, haitarudia kuutuma muamala wala haitamwambia mtumiaji. Itamrudisha tu kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kwa mpangilio wa kawaida, MySQL haiandiki mikwamo katika daftari la makosa. Hutunza taarifa ya mkwamo mmoja tu wa mwisho, inayosomwa kwa amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS, na taarifa hiyo hupotea seva ikizimwa. Ili kila mkwamo uandikwe, ni lazima mpangilio wa innodb_print_all_deadlocks uwashwe. Hospitali ambayo haijafanya hivyo inaweza kuwa na mikwamo kumi kila usiku, na daftari lake likabaki safi kama shuka jipya.

Je, daftari linalosomwa ndilo linaloandikwa?

Baada ya kujua kinachotarajiwa kuandikwa, swali linalofuata ni mahali. Mafundi wengi hukariri njia moja ya faili na kuifuata katika kila seva. Lakini njia hutofautiana. Katika Ubuntu na Debian, faili mara nyingi ni /var/log/mysql/error.log, katika vifurushi vya familia ya Red Hat ni /var/log/mysqld.log, kwingineko faili hubeba jina la kompyuta na kuishia na.err, ndani ya saraka ya data. Ikiwa hakuna faili lililotajwa, seva hutoa ujumbe wake katika mkondo wa kawaida wa makosa, na katika mifumo ya Linux inayotumia systemd mkondo huo huishia katika kumbukumbu ya pamoja inayosomwa kwa amri ya journalctl. Seva iliyowekwa ndani ya kontena la Docker nayo kwa kawaida hutoa ujumbe wake kwa njia ya mkondo. Kontena likifutwa na kuundwa upya, kumbukumbu zake huondoka nalo.

Dawa ya kubahatisha ni kuiuliza seva yenyewe. Amri ya SHOW VARIABLES LIKE 'log_error%' huonyesha mahali daftari lilipo na mipangilio inayoliongoza. Jibu hilo ndilo la kuaminiwa, si faili la mipangilio lililo kwenye diski, kwa kuwa faili linaweza kuwa limebadilishwa baada ya seva kuwashwa. Tangu toleo la 8.0.22, MySQL pia huwezesha maingizo ya karibuni kusomwa kama jedwali, kwa jina la performance_schema.error_log. Jedwali hilo lina nafasi yenye kikomo. Maingizo mapya yakizidi, ya zamani huondoka. Hata hivyo ni msaada mkubwa kwa fundi asiye na ruhusa ya kufungua mafaili ya seva.

Hali moja huwapoteza wengi. Mtu anayetafuta nafasi kwenye diski anaifuta saraka ya /var/log/mysql, kisha anaiunda upya akiwa msimamizi mkuu. Saraka mpya sasa si mali ya mtumiaji anayeendesha seva. Seva ikijaribu kuwaka, inashindwa kufungua daftari lake na inakataa kuendelea. Fundi anatazama saraka, anaikuta tupu, na anashangaa kwa nini seva imekufa bila kuacha wosia. Wosia upo: umeandikwa katika kumbukumbu ya systemd, kwa kuwa daftari lenyewe halikuweza kufunguliwa.

Saa tatu tofauti

Sababu inayofuata ni nyepesi kiasi kwamba hudharauliwa, nayo huwapotezea watu saa nyingi. MySQL, tangu toleo la 5.7.2, huandika muda wa maingizo kwa saa ya ulimwengu, UTC, isipokuwa mpangilio wa log_timestamps ubadilishwe kuwa SYSTEM. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kwa saa mbili. Juu ya tofauti hiyo kuna hesabu ya Kiswahili, inayoanza siku alfajiri na kwa hiyo inapishana na saa ya kompyuta kwa saa sita.

Mtaalamu wa maabara anaposema tukio lilitokea "saa nane usiku wa kuamkia tarehe 15", kompyuta yake ilionyesha 02:00 ya tarehe 15. Daftari la MySQL liliandika 23:00 ya tarehe 14. Si saa peke yake iliyobadilika. Tarehe nayo imebadilika. Kama madaftari hugawanywa kila siku, ingizo linalotafutwa linaweza kuwa limo katika faili la jana, ambalo fundi hakulifungua kabisa. Alama ya kutambulisha ni ndogo: herufi Z mwishoni mwa muda humaanisha saa ya ulimwengu, wakati +03:00 humaanisha saa ya Afrika Mashariki.

Kuna pia saa isiyokuwa ya mahali popote. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ikifa, umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita hadi pale itakapopata mtandao na kusahihisha saa yake. Maingizo ya dakika hizo yapo, lakini yamevaa tarehe ambayo hakuna mtu atakayeitafuta. Ndiyo maana inashauriwa kusoma daftari kwa mfuatano wa mistari, si kwa kuchuja tarehe peke yake.

Kiwango cha undani na orodha ya kunyamazisha

MySQL huyagawa maingizo kwa uzito. Yapo makosa, yapo maonyo, na yapo maelezo ya kawaida; juu ya yote yapo maingizo ya mfumo, kama vile kuwaka na kuzimwa kwa seva, ambayo huandikwa siku zote. Mpangilio wa log_error_verbosity huamua kipi kipite: 1 huruhusu makosa tu, 2 huongeza maonyo, na 3 huongeza maelezo.

Hapa pana mtego wa kihistoria. Katika toleo la 5.7 thamani ya kawaida ilikuwa 3. Katika toleo la 8.0 ilishushwa kuwa 2. Hospitali iliyohamisha seva yake kutoka 5.7 kwenda 8.0, bila kugusa mpangilio huu, ilipoteza kundi zima la maingizo siku ileile ya kuhama. Miongoni mwa yaliyopotea ni mawili yenye thamani kubwa kwa hospitali: taarifa za miunganisho iliyokatika njiani, na taarifa za majaribio ya kuingia yaliyokataliwa. Mtandao ukiwa unakatika kati ya maabara na chumba cha seva, au mtu akiwa anabahatisha nenosiri la msimamizi usiku kucha, daftari lenye kiwango cha 2 halitaonyesha dalili. Watu husema kwamba mambo yametulia tangu toleo jipya lilipowekwa. Kumbe dalili ndizo zilizoacha kuandikwa.

Kuanzia toleo la 8.0.13 kuna pia mpangilio wa log_error_suppression_list, unaomwezesha msimamizi kunyamazisha maonyo au maelezo fulani kwa kutaja namba zake. Makosa na maingizo ya mfumo hayawezi kunyamazishwa kwa njia hii. Mpangilio huu ni halali na una faida pale ujumbe mmoja unaporudiwa mara elfu kwa siku. Hatari yake ni kwamba aliyeuweka anaweza kuhama kituo, na aliyerithi kiti asijue kwamba kuna sauti zilizozibwa.

Mpangilio wa undani hubadilishwa bila kuzima seva, kwa amri ya SET GLOBAL log_error_verbosity = 3. Badiliko la SET GLOBAL hudumu hadi seva itakapozimwa. Anayetaka lidumu baada ya hapo hutumia SET PERSIST. Fundi asipoijua tofauti hiyo, atashangaa kuona maingizo aliyoyawezesha mwezi uliopita yametoweka baada ya umeme kukatika.

Mafaili yanayobadilishwa majina

Daftari lisilo na kikomo hujaza diski. Kwa hiyo mifumo ya Linux hutumia programu ya logrotate, ambayo kila baada ya muda hulibadilisha jina daftari la zamani, hufungua jipya, na kuyabana au kuyafuta yaliyopitwa na wakati. Kazi hiyo ni nzuri, lakini ina kiungo dhaifu. Katika Linux, programu iliyokwisha kufungua faili hulishikilia faili lenyewe, si jina lake. Faili likibadilishwa jina, seva huendelea kuliandikia lilelile la zamani mpaka iamriwe kulifunga na kufungua jipya. Katika MySQL amri hiyo ni FLUSH ERROR LOGS.

Logrotate inatakiwa kutuma amri hiyo yenyewe, na ili iitume inahitaji akaunti na nenosiri. Nenosiri likibadilishwa bila mpangilio wa logrotate kusahihishwa, amri hushindwa kimyakimya. Matokeo yake, error.log huonekana tupu huku maingizo mapya yakiendelea kumiminika katika error.log.1. Siku kadhaa baadaye faili hilo hubanwa na nakala ya awali hufutwa. Seva inaendelea kuandika katika faili lisilokuwa tena na jina lolote kwenye diski.

Hali hiyo ina dalili zake. Amri ya df husema diski imejaa, lakini du inayohesabu mafaili yanayoonekana haipati jumla hiyo. Amri ya lsof +L1 huyataja mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa na programu. Habari njema ni kwamba, maadamu seva haijazimwa, yaliyomo katika faili lisilo na jina bado yanaweza kunakiliwa kupitia saraka ya /proc. Seva ikizimwa, yanaondoka moja kwa moja.

Hiyo ni sababu moja ya kupinga desturi iliyoota mizizi katika ofisi nyingi, ya kuzima na kuwasha seva kabla ya kufanya lolote. Katika Microsoft SQL Server gharama yake ni dhahiri zaidi: kila seva inapowaka huanza daftari jipya, na kwa mpangilio wa kawaida madaftari sita tu ya nyuma hutunzwa. Fundi aliyeizima na kuiwasha mara saba katika usiku mmoja wa mashaka amelisukuma nje daftari lililokuwa na jibu.

Kumbukumbu ya systemd nayo ina mipaka yake. Katika baadhi ya mipangilio yake, ikiwa saraka ya /var/log/journal haipo, kumbukumbu huwekwa katika sehemu ya muda na kufutika kompyuta inapozimwa. Vilevile, huduma moja ikitoa ujumbe mwingi mno kwa muda mfupi, sehemu ya ujumbe huo hutupwa, na mahali pake huandikwa mstari mmoja unaotaja idadi ya ujumbe uliozuiwa. Mstari huo husomwa mara chache, ingawa ndio unaokiri kwamba kuna kilichopotea.

Kifo cha ghafla

Yapo matukio ambayo seva haiwezi kuyaandika kwa sababu ndiyo iliyouawa. Umeme ukikatika bila betri ya akiba, hakuna nafasi ya neno la mwisho. Hata mistari iliyokwisha kuandikwa inaweza kuwa ilikuwa bado haijafika kwenye diski. Kumbukumbu ya kompyuta ikiishiwa, kiini cha Linux huchagua programu ya kuua ili mfumo uokoke, na kanzidata, kwa kuwa hutumia kumbukumbu nyingi, mara nyingi ndiyo huchaguliwa. Amri inayotumika kuiua haina nafasi ya kupingwa wala kuagwa.

Katika hali hizo jibu halipo katika mstari uliopo bali katika mstari usiokuwapo. Seva iliyozimwa vizuri huandika kwamba imekamilisha kuzimika. Fundi anaposoma mstari wa kuwaka bila kuona kabla yake mstari wa kuzimika, amekwisha kupata ushahidi: seva ilikufa ghafla. Maingizo yanayofuata kwa kawaida huthibitisha, kwa kuwa seva hutangaza kuwa inaanza kujirekebisha baada ya ajali. Aliyeiua hutafutwa kwingine, yaani katika kumbukumbu za kiini cha Linux, ambako kifo cha kuishiwa kumbukumbu huandikwa pamoja na namba ya programu iliyouawa.

Mpangilio wa uchunguzi

Sababu hizi zikishaeleweka, uchunguzi hufuata mpangilio unaoanza na kisichoharibu ushahidi.

1. Seva isizimwe. Kwanza ichukuliwe nakala ya matokeo ya SHOW ENGINE INNODB STATUS, ya madaftari yote yaliyopo, yakiwamo yaliyobanwa, na ya kumbukumbu ya systemd.

2. Seva iulizwe daftari lake liko wapi, kiwango cha undani ni kipi, saa inayotumika ni ipi, na kama kuna orodha ya kunyamazisha.

3. Muda wa tukio ugeuzwe kutoka saa ya Kiswahili kwenda saa ya kompyuta, kisha kwenda saa ya daftari, pamoja na tarehe yake. Matokeo yaandikwe karatasini ili kila anayeshiriki atafute dakika ileile.

4. Daftari lijaribiwe. Kiwango cha undani kipandishwe hadi 3, kisha fundi ajaribu kuingia kwa nenosiri lisilo sahihi kwa makusudi. Ingizo la kukataliwa likitokea ndani ya sekunde chache katika faili linalosomwa, daftari li hai. Lisipotokea, tatizo la kwanza kutatuliwa ni daftari lenyewe. Jaribio hili ni sawa na sampuli ya udhibiti wa ubora maabara, ambayo jibu lake linajulikana kabla ya kipimo.

5. Majirani wa daftari waulizwe: kumbukumbu za kiini cha Linux, za programu ya hospitali, na za mtandao. Kosa ambalo MySQL ililirudisha kwa programu, ikiwa liliandikwa mahali popote, liliandikwa na programu.

6. Batli ya mabadiliko, yaani faili za jozi ambamo MySQL huandika kila badiliko lililokamilika, isomwe kwa programu ya mysqlbinlog. Katika toleo la 8.0 faili hizo huwashwa kwa mpangilio wa kawaida na hutunzwa kwa siku 30. Hizi hutenganisha maswali mawili ambayo daftari la makosa haliwezi kuyatenganisha: je, majibu yaliandikwa kisha yakafutwa, au hayakuwahi kukamilika kuandikwa?

Tahadhari kuhusu siri za wagonjwa

Baada ya kuona hasara ya kimya, kishawishi ni kuamuru kila kitu kiandikwe milele. Huko nako kuna madhara. PostgreSQL inapoandika amri iliyoshindwa, huandika pia thamani zilizokuwamo, ambazo zinaweza kuwa jina la mgonjwa na majibu yake ya VVU. Daftari la amri zote la MySQL, likiwashwa, hubeba mambo hayohayo kwa kila amri, na pia hujaza diski kwa kasi. Nakala ya daftari hutumwa kwa wataalamu wa nje, hubebwa katika flashi, huachwa katika kompyuta za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2019, na zote huzipa taarifa za afya uzito wa pekee. Kwa hiyo undani wa ziada huwashwa kwa muda wa uchunguzi, wenye kulisoma daftari hujulikana kwa majina, na kabla ya nakala kutoka nje ya hospitali majina ya wagonjwa huondolewa.

Hitimisho

Katika hospitali ya mfano, tuseme uchunguzi unafuata mpangilio huu. Kabla seva haijazimwa, taarifa ya mkwamo wa mwisho inanakiliwa. Saa inageuzwa, na muda wa mkwamo huo unalingana na saa nane ya usiku ule. Taarifa inaonyesha miamala miwili: mmoja ulikuwa unaingiza majibu ya maabara, mwingine ulikuwa unabadilisha ombi lilelile la kipimo kutoka wodini. Muamala uliofutwa ni wa maabara. Batli ya mabadiliko inathibitisha kwamba majibu hayakukamilika kuandikwa. Daftari la makosa lilikuwa safi kwa sababu halikuwahi kuagizwa kuandika mikwamo.

Mtaalamu wa maabara alifanya kazi yake. Kilichohitaji kurekebishwa ni programu, ambayo ilipaswa kurudia muamala uliofutwa au angalau kumwambia mtumiaji kwamba majibu yake hayakuhifadhiwa. Laiti kikao kingeishia kwenye taarifa ya kwanza, mtu asiye na kosa angepewa onyo, programu ingebaki na ugonjwa wake, na mama mwingine angesubiri majibu yasiyokuja, pengine usiku ambao hakuna wa kupokea simu.

Kwa hiyo fundi anayeheshimu kazi yake haandiki kwamba mfumo haukuwa na hitilafu. Huandika kwamba katika daftari fulani, lenye kiwango fulani cha undani, lililojaribiwa saa fulani na kuonekana li hai, hakuna ingizo kati ya dakika hii na ile. Kisha hutaja mambo ambayo daftari hilo haliwezi kuyaonyesha. Ndivyo maabara nzuri inavyoandika majibu yake: kilichopimwa, kwa njia gani, na mipaka ya kipimo. Hospitali ikilizoea andiko la namna hiyo, kimya cha seva hakitatumika tena kumhukumu mtu.